Kizunguzungu ukikariri mantra: jaribu kwanza kupunguza kasi ya pumzi

Pole sana, dada. Umesema ukikariri Om na Gayatri, mantra (maneno matakatifu ya kurudiarudia) za Kihindu, kwa sauti kubwa alfajiri, vidole vinakufa ganzi na kichwa kinazunguka, nawe umeambiwa hiyo ni nguvu ya mantra. Mimi nadhani ni pumzi. Ukihema haraka na kwa nguvu, kaboni dayoksaidi hupungua kwenye damu, na ganzi huja hivyohivyo.

Keti kwanza. Vuta hewa puani taratibu, kisha iache "mmm" ya Om iwe ndefu kuliko uvutaji. Pumzi sita kwa dakika zinatosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliona mantra ya Kibudha, na hata rozari kwa Kilatini, zikiwafikisha watu hapo.

Wala hulazimiki kupaza sauti! Kuna japa, yaani kukariri mantra, ya sauti, ya kunong'ona na ya moyoni, na Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, inaiweka ya moyoni juu ya zote. Shika mala yako, ule mkufu wa shanga 108 wa kuhesabia, unong'one tu.

Ukizimia, kifua kikibana, au usiku ukisikia sauti ambazo wengine hawasikii, simamisha na umwone daktari. Na dawa zako za presha usiziache, hata guru (mwalimu wako wa kiroho) akikuambia.