Kamera naziona dukani tu, nikitoka hazionekani

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Kijana aliyenifungia kamera aliniwekea na faiawoli (kinga ya mtandao) ya pfSense. Poti 8000 (mlango wa mtandao) nimeielekeza kwenye DVR, mashine inayorekodi kamera, anwani 192.168.1.50. Kwa Wi-Fi ya dukani naona vizuri, lakini nikienda Dar simu haionyeshi kitu. NAT ya kutoka imewekwa otomatiki. Niibadilishe?

JIBU: Hapo usipaguse, ndugu yangu. NAT ya kutoka ndiyo inayovipa vifaa vyote vya dukani anwani moja ya kwendea intaneti. Kama WhatsApp inafunguka, iko sawa. Kinachokusumbua ni njia ya kuingilia.

Fungua ukurasa wa mbele wa faiawoli usome anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti. Halafu, ukiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo, ingia tovuti yoyote inayoonyesha IP yako. Zinafanana? Kama WAN iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amekuweka nyuma ya NAT yake pamoja na wateja wengine. Anwani hizo zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, maana anwani za IPv4, zile za kawaida za intaneti, ni kama bilioni 4.3 tu, hazitutoshi. Simu yako ikiita kutoka Dar, inaishia kwenye mitambo yao. Utafungua poti mpaka uchoke. Ikiwa inaanza na 192.168, basi ni modemu iliyo mbele ya faiawoli. Poti ifunguliwe huko pia.

Zikifanana, rudi kwenye sheria uliyoandika, utazame kisanduku cha poti ya chanzo. Wengi hujaza 8000 na humo. Kiache "yoyote": simu hujichagulia poti ya kutokea, na karibu kila mara si 8000.

Ila mimi DVR nisingeiweka wazi kwa dunia nzima. Mashine hizi nyingi hazisasishwi, na nywila mara nyingi ni ileile aliyoiacha fundi. Weka WireGuard (VPN, yaani njia ya siri ya kuingilia) kwenye pfSense, simu iingie kama iliyo dukani. Nayo inahitaji anwani ya umma, yaani inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti, kwa hiyo ukiwa nyuma ya NAT ya mtoa huduma, mwombe akuuzie ya kudumu. Kwa duka lenye mali, ningelipa.

Ukijaribu, zima Wi-Fi utumie bando. Ukiipiga anwani ya umma ukiwa humohumo ndani, inaweza kugoma hata kama kila kitu kiko sawa.