Dogo, usitume hiyo laki mbili: yaliyonikuta kwenye kozi ya maabara

Umeuliza ipi ina soko kati ya maabara, radiolojia na fiziotherapia, ipi inalipa, na kama kwa C ya Baiolojia na D za Kemia na Fizikia utapokelewa. Halafu mwishoni kabisa, kama kitu kidogo tu, ukasema kuna dada wa WhatsApp kakushikia nafasi ya maabara kwenye chuo "kilichosajiliwa", anataka laki mbili leo kabla ya saa kumi, kwenye namba yake ya simu. Nimefika hapo chai ikanipalia.

Kiti hicho nimekikalia mimi. Miaka miwili.

Mwaka 2016 nimemaliza kidato cha nne huko Singida, matokeo kama yako, binamu yangu akaja nyumbani na kipeperushi. Nitamwita Binamu tu, maana jina lake bado linaleta ugomvi kwenye vikao vya ukoo. Picha ya mtu kainamia hadubini, koti jeupe, na chini yake namba ya usajili, REG/HAS na tarakimu zake. Sikuwa mjinga kabisa, hilo naomba liandikwe. Nilipanda daladala mpaka mjini, nikaingia intaneti kafe, nikaitafuta ile namba kwenye tovuti ya NACTE, baraza la serikali linalosimamia vyuo hivi, hii mnayoiita NACTVET siku hizi. Ikatokea. Jina la chuo likatokea. Nikarudi kifua mbele, nikamwambia mama chuo ni halali. Mama akauza alizeti yote ya msimu ule, pungufu akajazia mkopo wa VICOBA.

Na kweli, chuo kilikuwa halali. Halali kufundisha famasia. Maabara haikuwemo kabisa.

Ni kama mtu ana leseni ya bodaboda, tena si ya kughushi, anakupakia kwenye basi la Mwanza na kushika usukani. Ukimuuliza leseni anakuonyesha.

Mwaka wa kwanza ukaisha. Wenzetu wa famasia wakapata namba za mtihani wa taifa, sisi tukaambiwa mfumo unasumbua. Mkuu wa chuo alikuwa na suti moja ya kijivu na sentensi moja: "Usajili wa kozi yenu uko mezani." Meza hiyo mpaka leo natamani kuiona, nijue ni ya mninga au ya plastiki, maana ilibeba usajili wetu miaka miwili bila kuvunjika. Tukatungiwa mitihani ya ndani kwa ndani, tukasahihishiwa, matokeo yakabandikwa ubaoni. Nikashika nafasi ya tatu. Wa tatu kati ya watu 31 ambao serikali haijui kama wanasoma! Nilipiga picha lile tangazo nikamtumia mama.

Fildi, yale mafunzo ya vitendo, ndiyo iliyoniumbua. Nilipangiwa hospitali moja ya wilaya, na mama mkuu wa maabara pale akanipenda. Slaidi zangu za malaria zilikuwa safi, rangi ya Giemsa asilimia 10, dakika 10, naiosha slaidi taratibu bila kubandua damu. Wiki ya pili akaomba barua ya chuo ya kuingiza kwenye faili. Akaisoma mara mbili, akapiga simu mahali, kisha akaniita nje chini ya mwembe.

"Mwanangu, wewe husomi maabara. Wewe unalipa ada tu."

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Halafu nikaona yeye hacheki.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pesa ilipozama. Ada ilikuwa milioni moja na laki tatu kwa mwaka, zidisha mara mbili, hapo hatujagusa hosteli, michango na yale makoti meupe. Nikadhani angalau nitahamia chuo kingine mwaka wa pili. Thubutu. Stashahada hizi zinapanda ngazi, NTA 4, kisha 5, kisha 6, na matokeo yasiyo kwenye mfumo hayapo. Nikaanza upya NTA 4 na vitoto vya juzi vinavyoniita "mzee". Bila stashahada inayotambulika Baraza la Wataalamu wa Maabara halikusajili, bila usajili hupati leseni, na bila leseni usiwaze ajira za serikali. Na ukitaka kujiendeleza shahada, chuo kikuu kinadai ile namba ya uhakiki, AVN, ambayo nayo inatoka huko huko kwenye mfumo usiokujua.

Na Binamu? Alikuwa analipwa elfu hamsini kwa kichwa. Tulikuwa vichwa vinne kutoka kata moja. Yaani milioni zote zile za mama zilimwingizia ndugu yangu wa damu elfu hamsini, na mwaka jana msibani akaja kukaa sahani moja na mimi, akala paja.

Kwa hiyo usiniulize "chuo kimesajiliwa?" Kimesajiliwa kufundisha NINI? Ingia tovuti ya NACTVET, pakua kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huu, si cha mwaka jana alichokutumia huyo dada. Tafuta chuo, kisha shuka chini ya jina usome kozi moja moja, na ada yake na idadi ya nafasi. Kama maabara haimo kwenye orodha hiyo, chuo hicho kwako ni ukumbi wa harusi. Hata ukienda radiolojia ni hivyo hivyo, nayo ina baraza lake.

Alama zako zinaingia, ila maabara wanataka angalau D nne, hizo tatu za sayansi ulizotaja na nyingine moja, na isiwe ya somo la dini. Fiziotherapia waulize wa KCMC Moshi, ndiyo kazi yao. Kuhusu mshahara nilitaka kuandika aya nzima, lakini nimerudi kusoma tena ujumbe wa huyo dada uliobandika: "nafasi zimebaki tatu". Dogo! Binamu naye alikuwa na nafasi tatu. Alikuwa nazo Julai, alikuwa nazo Oktoba, na tuliporipoti chuoni zilikuwa bado tatu.

Na kwa nini pesa iende kwenye namba yake ya simu na si akaunti ya chuo?

Sasa hivi ni saa tisa kasoro. Umeshatuma au bado? Jibu hilo kwanza, halafu taja jina la chuo hapa tufungue huo mwongozo pamoja.