Nahodha hanywi, abiria je?

Mkuu, nimekuelewa hivi: mko wanne, boti ya fiberi ya mita 5 na ushei, mnatoka alfajiri kuvua kwa mishipi na kurudi jioni. Anayeshika usukani hanywi kabisa. Nyie watatu mnabeba bia kwenye boksi la barafu, na unauliza kama kuna ubaya wowote, maadamu nahodha yuko mkavu. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika, nusu wanakwambia kunywa kistaarabu, nusu wanakuhubiria. Mimi nina sababu ya kuchangia, kwa kuwa siku yaliponikuta, nahodha mkavu nilikuwa mimi mwenyewe.

Tulikuwa watatu: mimi, shemeji yangu na rafiki yake. Maji shwari, upepo wa kupepea tu. Tumetia nanga tangu saa tatu asubuhi, samaki wanadonoa chambo na kuondoka zao. Anayevua anajua, samaki wasipokula ndipo chupa zinapofunguliwa, kwa sababu mikono haina kazi. Kufika saa saba mchana shemeji alikuwa ameshamaliza chupa tatu za nusu lita na ya nne ameianza. Naomba unielewe hapa: hakuwa amelewa kwa maana mnayoijua. Anaongea sawasawa, anafunga ndoana mpya kwenye mshipi bila kukosea, anatutania. Ungepishana naye njiani usingegeuka kumtazama mara ya pili.

Akasema anajisaidia haja ndogo. Ilikuwa mara ya nne au ya tano. Akavuka ubao wa kukalia, akasimama kule tezi, yaani nyuma ya boti, pembeni ya mashine, mkono mmoja kwenye zipu, mwingine bado umeshika chupa. Wakati huohuo mshipi wa rafiki yake ukavutwa, naye akainuka upande uleule kuudaka. Boti ikainama kidogo tu, kiasi cha upana wa kiganja. Mtu mkavu hapo anakunja goti bila hata kujua amelikunja. La shemeji lilichelewa. Nilisikia chubwi, basi. Hakuna ukelele, hakuna "mama yangu". Nilipogeuka nikaona kandambili moja juu ya sakafu na povu jeupe kwenye maji.

Nilihesabu kimoyomoyo, na sijui kwa nini nilihesabu. Nilifika tisa ndipo kichwa kikaibuka, mita tatu hivi kutoka kwetu, kisogo kimetuelekea. Akaanza kuogelea kwa mikono kwenda mbele. Mbele huko ni maji matupu. Anaikimbia boti. Namwita jina lake, hageuki.

Baadaye alinisimulia kwamba kule chini alipiga miguu kwa nguvu zote akijua anapanda, mpaka masikio yakaanza kuuma. Masikio hayaumi ukipanda, yanauma ukishuka. Alikuwa anajizamisha mwenyewe, tena kwa bidii. Na huyu ni mtu aliyejua kuogelea kabla hajajua kusoma.

Nilikuja kutafuta maana ya jambo hili. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, na ndani yake kuna kijiwambo laini kinachoyumba kichwa kinapozunguka. Kwa kawaida kijiwambo hicho na majimaji yake vina uzito unaolingana. Pombe huingia kwenye kijiwambo kabla haijaenea vizuri kwenye majimaji, kwa hiyo kinakuwa chepesi na kuelea pale ambapo kingetulia. Ubongo unapokea habari kwamba unazunguka, wakati umelala kimya. Kile kitanda kinachozunguka ukilala umekunywa ndiyo chanzo chake. Nchi kavu macho yanasahihisha, na nyayo zinakwambia ardhi iko wapi. Ukiwa chini ya maji yaliyochafuka, au usiku, huna nyayo wala macho, umebaki na sikio linalokudanganya.

Sasa kumtoa. Hapa ndipo hoja yako ya nahodha mkavu inapoanza kuvuja. Nililegeza kamba ya nanga boti ikamsogelea, nikamdaka kola. Mtu wa kilo 90, suruali ya jinzi imelowa, ukingo wa boti uko nusu mita juu ya maji, na ngazi hatuna. Namvuta kwapa, anapanda mpaka kifuani, anateleza. Namvuta tena, anateleza. Vidole vyangu vinaona shati linachanika. Rafiki yake kwa huruma akaja mbio kunisaidia, naye ana chupa zake tatu tumboni. Uzito wetu wote ukawa upande mmoja, na boti yenyewe nayo ikaanza kunywa, maji yanaingia kwa kishindo juu ya ukingo. Ilibidi nimfokee mtu mzima kama mtoto, arudi upande wa pili, akae chini, asiguse kitu. Akakaa. Lakini kwa sekunde kadhaa nilikuwa na watu wawili wa kuokoa na boti ya tatu.

Mwishowe nilifunga kitanzi kwenye kamba, nikakishusha tezi pembeni ya mashine, nikamwambia aweke mguu. Alikuwa anakikosa. Anatikisa kichwa kwamba amekanyaga, kumbe anakanyaga maji. Mara ya nne au ya tano akakipata, akajisukuma, akaangukia ndani juu ya ndoo ya chambo. Mashine ilikuwa imezimwa kwa sababu tulikuwa nangani. Ingekuwa inanguruma, propela ingekuwa hapohapo miguu yake ilipokuwa inapapasa.

Alitetemeka kwenye jua la saa saba. Hili nalo liliwashangaza wenzangu, kwamba pombe si inatia joto? Inatia hisia ya joto. Inaifungua mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi, damu ya moto inakuja nje, ndiyo maana uso unawaka. Lakini ngozini ndiko joto linakopotelea, na maji huunyang'anya mwili joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Wanaovua kwenye maji ya baridi, ya chini ya nyuzi 15 hivi, wana balaa lingine kabla ya hilo: ukitumbukia ghafla mwili unavuta pumzi kwa nguvu bila ridhaa yako, na kama kichwa kiko chini wakati huo, unachovuta ni maji.

Rudi sasa kwenye hoja yako. Mfano wa nahodha asiyekunywa umetoka barabarani. Kwenye gari abiria amekaa, ana mkanda, akisinzia hakuna kinachoharibika. Kwenye boti ndogo abiria ni sehemu ya chombo. Kila anayesimama anapandisha uzito juu, kila anayehama upande anaiinamisha, na kama kuna maji yametuama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, yanakimbilia upande huohuo kuongeza balaa. Nahodha anashika usukani, hashiki miili ya watu. Jambo likiharibika, abiria hao ndio wasaidizi wake pekee, maana huko hakuna wapita njia.

Na haja ndogo msiicheke. Pombe inaizuia homoni inayoziambia figo zirudishe maji mwilini, kwa hiyo unakojoa mengi kuliko kawaida. Jua linakukausha, bia inakukausha, unahisi kiu, unafungua nyingine, unasimama tena ukingoni. Shemeji hakuangushwa na chupa, aliangushwa na safari za tezi. Ongeza uchovu wa boti wenyewe: mng'ao wa maji, upepo, mngurumo, mtikisiko wa kutwa nzima. Hata asiyeonja tone anashuka jioni miguu imelegea na akili imepungua kasi. Bia mbili unazozimudu kibarazani, huko unazinywa juu ya mwili ambao tayari una deni.

Nisijifanye mtakatifu. Kabla ya siku hiyo na mimi nilikuwa nabeba zangu. Kuna jioni nilikunywa mbili, mbili tu, tukafika penye miamba ninapopapenda, nikatupa nanga. Kamba nilishaifunga boti kwa mikono yangu mwenyewe, fundo nililofundishwa nikiwa mtoto, naweza kulifunga gizani. Nikakaa kutazama kamba inavyoteremka. Inateremka, inateremka, kisha nikaona ncha yake ikipita juu ya ukingo kama mkia wa mjusi unaoingia tunduni. Nilikuwa nimezungusha raundi ya kwanza ya fundo nikaona nimemaliza. Nanga, mnyororo na mita 40 za kamba mpya vikaenda, na mkondo ukaanza kutusukuma kwenye miamba. Mashine iliwaka mara ya pili, ndiyo maana naandika. Nilichojifunza ni kwamba pombe haikunipa hisia ya kukosea. Nilikuwa na uhakika kuliko siku zote.

Kuna mchangiaji ameitaja Exxon Valdez, ile meli ya mafuta iliyopanda mwamba Alaska mwezi Machi 1989, akisema nahodha alikuwa amelewa usukanini. Si hivyo. Nahodha alikunywa nchi kavu kabla ya kuondoka, na meli ilipogonga hakuwepo darajani, yaani pale meli inapoongozwa, alikuwa ameiacha mikononi mwa ofisa wa tatu. Mahakamani, mwaka 1990, shitaka la kuendesha chombo akiwa amelewa halikusimama. Wachunguzi wa ajali wa Marekani, kwa upande wao, waliorodhesha uchovu wa yule ofisa na pia nahodha kushindwa kuweka zamu inayofaa kwa sababu ya pombe. Kwa hiyo mfano huo unasaidia hoja yangu kuliko yake: aliyekunywa hakuwa ameshika usukani.

Sheria nitaipitia haraka, kwa sababu hutofautiana na ni juu yako kuuliza za kwenu. Kwa mabaharia wa kazi, mkataba wa kimataifa wa STCW, unaohusu mafunzo na zamu za mabaharia, ulioboreshwa mwaka 2010 unaweka kikomo cha asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Marekani, kwa waendesha boti za starehe, sheria ya serikali kuu inaweka 0.08. Aghalabu sheria zinamwangalia mwenye usukani. Maji hayaangalii hivyo.

Umeuliza pia kuhusu kunywa usiku wa kuamkia safari. Hesabu yake ni rahisi. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za pombe tupu, kama gramu 20. Ini la mtu wa kawaida huondoa kati ya gramu 7 na 10 kwa saa, wala haliharakishwi. Ukianza saa mbili usiku ukamaliza chupa tano saa sita, umeingiza gramu 100. Saa kumi na moja alfajiri mnapong'oa nanga, ini limefanya kazi saa tisa, limetoa 63 mpaka 90. Zilizobaki ni sawa na nusu chupa hadi karibu chupa mbili, na hujala wala hujalala vizuri. Kahawa na kuoga maji ya baridi vinakufumbua macho tu. Kwenye boti yangu atakayekunywa usiku huo anywe moja mapema, au abaki kitandani.

Kwetu sasa bia zinakaa nchi kavu mpaka boti ioshwe na mashine isuuzwe. Mwanzoni walininunia, safari mbili hivi, wakazoea. Jaketi za kuokolea zinavaliwa kabla ya kamba kufunguliwa, maana lililo chini ya ubao ni mto wa kukalia, na mtu aliyeko majini havishwi jaketi, jaribu siku moja uone. Tezi nimefunga ngazi ya kamba ya vidato vitatu, ncha yake inafikika na mtu aliyeko majini bila msaada wa aliye ndani. Kamba ya kuzimia injini, ile inayoizima ikichomoka, naifunga mguuni hata tukisogea mita 50. Kama wenzako watang'ang'ania kwenda na boksi lao, na najua watu, basi wavae jaketi tangu mwanzo, asimame mmoja kwa wakati, na pasiwe na anayekwenda ukingoni kujisaidia.

Kwa ajili hiyo kuna jerikani la lita tano nililolikata mdomo. Unapiga magoti katikati ya boti, unamaliza, unamwaga ukiwa umekaa. Shemeji bado anatoka nami karibu kila mwezi, na jerikani hilo ameliandika jina lake kwa wino usiofutika.