Amsterdam hadi Utrecht kwa baiskeli

Ndugu yangu, umeuliza utatokaje Amsterdam hadi Utrecht kwa baiskeli bila kupotea. Hilo lisikusumbue: makutano ya njia za baiskeli Uholanzi yana vibao vya namba. Andika kwenye karatasi mfuatano wa namba za makutano utakayopitia, ufuate.

Mimi nahofia zaidi reli za tramu za Amsterdam. Gurudumu likizama kwenye mfereji wa reli, umeanguka. Zivuke kwa kuzikata moja kwa moja, kamwe si mshazari, hasa mvua ikinyesha. Tena kule wanapita kulia, si kushoto kama Dar. Pembetatu nyeupe barabarani zikikuelekezea ncha, wapishe wengine.

Utrecht, egesha chini ya stesheni kuu: nafasi 12,500, saa 24 za kwanza bure.