Pete ya tanzanaiti ya kuvaa kila siku

Dada, umeuliza kama tanzanaiti aliyokuachia mama itakaa salama kwenye pete ya fedha yenye kucha nne za kushika jiwe, nawe unapanda matatu asubuhi na jioni. Fedha achana nayo. Ni laini, kucha hupinda polepole bila wewe kujua. Yangu ilianza kunasa nyuzi za sweta, nikapuuza, jiwe likadondoka barabara ya Tom Mboya, Nairobi, nisilione tena. Chukua dhahabu ya karati 14: dhahabu yenyewe ni asilimia 58.5, zilizobaki ni metali za kuikaza. Sonara azungushie jiwe ukingo pande zote, maana tanzanaiti ina ugumu wa 6 hadi 7 tu kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10 na hupasuka ikigonga chuma cha mlango. Kuosha, maji vuguvugu na sabuni. Mashine ya kusafisha vito kwa mitetemo usikubali kabisa.