Vina vya Kiingereza husikilizwa kabla ya kusomwa: majibu kwa wasomaji

Wasomaji kadhaa wa Unguja na Pemba wameleta maswali yanayozunguka jambo moja, nalo ni namna ya kulitafutia neno la Kiingereza vina vyake, viwe vina kamili au vina vya karibu. Miongoni mwao wamo wanafunzi, watunzi wa nyimbo na mwalimu mmoja. Maswali nimeyafupisha, majibu nimeyaacha marefu pale ambapo jambo lenyewe linadai urefu.

Natunga shairi la Kiingereza juu ya karafuu. Mishororo yangu inaishia na "clove", "love" na "move". Mwalimu ameandika pembeni kwamba hakuna kina hata kimoja. Je, amenionea? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Wete)

Hakukuonea, mwanangu. Maneno hayo matatu yanafanana kwa macho tu. La kwanza hutamkwa "klouv", la pili "lav" na la tatu "muuv", kwa hiyo una irabu tatu mbalimbali zilizovaa herufi zile zile. Sisi tumekulia katika lugha ambayo ukiiona silabi umekwisha kuisikia, na ndiyo maana tunanaswa upesi na tahajia ya Kiingereza, ambayo iliganda zamani huku matamshi yakiendelea kubadilika. Hata Shakespeare, katika soneti yake ya 116 iliyochapishwa mwaka 1609, alimalizia kwa "proved" na "loved". Kwa masikio ya zama zake sauti hizo zilikaribiana kuliko zinavyokaribiana leo. Msomaji wa sasa humsamehe kwa sababu ya umri wa shairi, lakini wewe unaandika leo.

Vina kamili vya "clove" ni kama "grove", "cove", "trove", "drove", "wove" na "stove". Ongeza na "mauve", jina la rangi ya zambarau iliyofifia, ambalo huandikwa kivyake lakini husikika sawasawa na hayo. Ningekuwa mimi, ningeanza na "grove", ambalo ni kishamba cha miti, na "cove", ambalo ni kighuba kidogo, kwa kuwa Pemba haikosi mikarafuu wala vighuba. "Stove" ningeliacha. Karafuu zetu huanikwa juani juu ya majamvi, na kina kisikulazimishe kuleta jiko mahali ambapo halipo. Kama moyo wako umeshikamana na "love", basi vina vyake ni "above", "glove", "dove" na "shove", na orodha yake haiendi mbali zaidi ya hapo.

Nimezoea kutunga tarbia za Kiswahili, na kwangu silabi ya mwisho inatosha. Nilipojaribu Kiingereza niliweka "city" na "beauty", zote zikiishia "ti", nikaambiwa si vina. Kwa nini? (Mtunzi, Chake Chake)

Swali hili ndilo mzizi wa mengine yote, kwa hiyo nitalikalia. Katika shairi letu la kimapokeo kina ni silabi ya mwisho ya kipande, konsonanti pamoja na irabu yake. "Bahari" na "uzuri" hupatana kwa sababu zote mbili huishia na "ri", ijapokuwa mkazo wa "bahari" umekaa juu ya "ha" na wa "uzuri" juu ya "zu". Mkazo haumshughulishi mtunzi wetu anapotafuta vina, kwa sababu katika Kiswahili mkazo una makao yake, silabi ya pili kutoka mwisho, na karibu kila neno hulitii jambo hilo. Mkazo wa Kiingereza hauna makao hayo. Waweza kukaa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno, na kina huanzia pale pale ulipokaa. Kanuni yao ni kuitafuta irabu ya mwisho yenye mkazo, kisha kuhakikisha kwamba sauti zote kuanzia irabu hiyo mpaka mwisho wa neno ni sawa, na kwamba konsonanti iliyoitangulia irabu hiyo ni tofauti.

Tuyapime maneno yako. Mkazo wa "city" uko kwenye "si", kwa hiyo kina chake si "ti" bali ni "iti", na wenzake ni "pity", "witty" na hata "committee", ambalo kwa macho halifanani nalo hata kidogo. Mkazo wa "beauty" uko kwenye "byuu", na mwenzake ni "duty". Kwa kanuni hiyo hiyo, "bahari" na "safari" yangekuwa vina hata kwa sikio la Mwingereza, kwa kuwa yanalingana kuanzia "ari", lakini "bahari" na "uzuri" angeyakataa.

Sehemu ya mwisho ya kanuni yao ndiyo inayotugeuza kabisa. Sisi tunadai konsonanti ya kina ifanane; wao wanadai itofautiane. "Day" na "way" kwao ni kina kamili, ilhali kwa hesabu yetu "de" na "we" ni vina viwili mbalimbali. Kinyume chake, "see" na "sea", au "leave" na "believe", huonekana kwao kuwa sauti ile ile iliyorudiwa, na mtunzi anayeziweka mwishoni mwa mishororo huhesabiwa kuwa hakutafuta. Kwa hiyo, ndugu mtunzi, usiende kwenye Kiingereza na kipimo cha ukwapi na utao, yaani vile vipande viwili vya mshororo wetu, ukitaraji kitakupimia sawasawa. Ustadi wa kusikiliza ulio nao utakufaa sana huko, mradi uuanzishe kwenye mkazo.

Mimi ni mtembeza wageni. Nataka kutunga wimbo mfupi wa kuwakaribisha, wenye maneno "Zanzibar" na "dhow". Nipate wapi vina? (Nungwi)

"Zanzibar", kwa namna Waingereza wanavyolitamka, lina vina vingi: "far", "star", "guitar", "afar", na "bazaar", ambalo litakupeleka Darajani bila ya kulazimisha.

"Dhow" linataka uangalifu. Hutamkwa "dau", kwa hiyo wenzake ni "now", "how", "brow", "vow", "allow" na "plough". Usilikutanishe na "low", "show", "blow" wala "know", ambayo yote huishia na sauti "ou". Yako maneno mawili yenye nyuso mbili. "Row" likiwa na maana ya kupiga makasia hutamkwa "rou" na halifai hapa. Likiwa na maana ya ugomvi hutamkwa "rau" na linafaa. "Bow" likiwa upinde ni "bou", lakini likiwa omo ya chombo ni "bau". Umepata bahati njema, maana chombo na omo yake vinapatana kwa sauti na kwa maana, na mgeni aliyekaa ndani ya jahazi atauelewa mshororo wako hapo hapo.

Ni kweli kwamba "orange", "silver" na "month" hayana vina? (Msomaji, Mkoani)

Kwa matumizi ya kila siku, ndiyo. Upo mlima Wales uitwao Blorenge ambao hupatana na "orange", na lipo neno "chilver", jina la kondoo jike mchanga, linalopatana na "silver", lakini ni wasomaji wachache watakaoyatambua. "Month" ni gumu zaidi. Ufumbuzi wa kawaida ni kuupindua mshororo ili neno hilo likae katikati na neno jepesi lije mwisho. Hakuna aibu katika kufanya hivyo. Watunzi wetu hufanya vivyo hivyo kila siku wanapobanwa na mizani.

Nafanya zenji fleva na beti zangu nyingine ni za Kiingereza. Nimeweka "island" na "silent". Mwenzangu anasema ni kosa. Kina cha karibu kina mipaka gani? (Kijana wa Ng'ambo)

Si kosa, na ningesema ni chaguo zuri. Kina kamili cha "island" ni "highland" na vingine vichache, kwa hiyo anayekataa vina vya karibu atajikuta amekwama hapo. "Island" na "silent" yana irabu moja yenye mkazo, "ai", yana "l" moja, na yanaachana mwishoni tu, kwenye "d" na "t". Sauti hizo mbili ni ndugu. Ulimi hugusa mahali pale pale, tofauti ikiwa ni mtetemo wa koo tu.

Hapo ndipo ulipo mpaka mzuri wa kufuata. Shika irabu yenye mkazo, kisha ruhusu konsonanti zibadilishane ndani ya jamaa yao. "P", "t" na "k" pamoja na "b", "d" na "g" ni jamaa moja, zile zinazozuia pumzi kisha zikaiachia ghafla. "F", "v", "s", "z" na "sh" ni jamaa ya pili, zile zinazokwaruza pumzi inapopita. "M", "n" na "ng'" ni za puani. Kwa kipimo hicho "ocean" hupatana na "frozen", kwa kuwa "sh" na "z" ni jamaa. "Open" na "broken" nazo hupatana kwa sababu hiyo hiyo. Ukivuka jamaa, kama "ocean" na "golden", bado irabu inakubeba, lakini uzi umekuwa mwembamba.

Iko namna nyingine, ya kushika konsonanti na kubadilisha irabu, kama "sail" na "soul". Wilfred Owen, mshairi Mwingereza aliyeuawa vitani mwaka 1918, aliitumia sana katika mashairi yake ya vita, na sauti hizo zisizotulia zilimfaa kwa mambo aliyoyaeleza. Katika kuimba, hata hivyo, mimi ningekushauri uishike irabu, kwa sababu mwimbaji huivuta irabu na ndiyo inayobaki sikioni mwa msikilizaji. Jambo moja zaidi: kina cha karibu kitumie mara kwa mara ndani ya ubeti, kisiwe kimoja pweke katikati ya vina kamili, maana kikiwa peke yake husikika kama umeteleza.

Wanafunzi wangu hupanga "hut", "heart", "hurt" na "hat" kama vina vya mwanzo, kati na mwisho. Nikiwasomesha kwa sauti, hata mimi nasikia "hat" mara nne. Niwakosoe vipi? (Mwalimu, Makunduchi)

Maalim, masikio yenu hayana kasoro. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo ishirini, kwa hiyo sauti nne za wenzetu huingia katika "a" yetu moja. Ndivyo yanavyosemwa maneno hayo manne sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na shairi litakalosomwa barazani kwetu na kusikilizwa na watu wetu lina haki ya kuyatumia maneno hayo kama vina vya karibu.

Mtihani, na msomaji aliye mbali, ni jambo jingine. Kuliko kuwaambia wanafunzi kwamba wanakosea, ningewapa kila neno pamoja na jamaa zake na kuwataka wakae humo. "Hut" akae na "cut", "shut" na "nut". "Heart" akae na "part", "start" na "cart". "Hurt" akae na "shirt", "dirt" na "alert". "Hat" akae na "cat", "mat" na "sat". Mwanafunzi akisoma safu hizo kwa sauti huku akisikiliza matamshi yaliyorekodiwa katika kamusi za intaneti, tofauti huanza kujitenga yenyewe. Fanyeni hivyo hivyo kwa "ship" na "sheep".

Natumia programu ya kutafuta vina kwenye simu. Nilipoandika "dawn" haikunipa "born", ingawa mimi naona yanapatana. Programu ina hitilafu? (Msomaji, Malindi)

Haina hitilafu, ina lafudhi. Kamusi za zamani za vina zilifuata maandishi. John Walker, aliyechapisha yake London mwaka 1775, aliyapanga maneno kwa kuanzia herufi ya mwisho, hivyo maneno yenye mkia mmoja yakakaa pamoja. Programu nyingi za leo hufuata sauti, na nyingi hutegemea kamusi ya matamshi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, yenye maneno zaidi ya 130,000. Humo kila neno limeandikwa kwa alama za sauti, na kila irabu imepewa tarakimu: 1 kwa mkazo mkuu, 2 kwa mkazo mdogo na 0 kwa isiyo na mkazo. "Ocean" limeandikwa OW1 SH AH0 N. Programu huishika OW1 na yote yanayofuata, kisha hutafuta maneno yenye mkia huo, nayo hukuletea "motion", "potion", "notion" na "devotion". Ni kanuni ile ile niliyomweleza mtunzi wa Chake Chake.

Matamshi hayo ni ya Marekani, ambako "r" ya "born" hutamkwa waziwazi, kwa hiyo mkia wake si sawa na wa "dawn". Kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kilichoingia katika skuli zetu, "r" hiyo haitamkwi na maneno hayo mawili ni vina kamili. Basi "dawn" na "born" viache vikae. Ukitaka kupata vina vya namna hiyo ambavyo programu haivioni, andika pia maneno yenye "r", kama "corn", "torn" na "horn", na orodha zote mbili uziunganishe mwenyewe.