Maswali ya Wasomaji: Umbo la Handaki la Upepo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu ni wanafunzi wa ufundi hapa Mbeya. Tumejenga handaki la upepo kwa plaiwudi ili tupime mabawa madogo ya mfano. Feni ya sentimita 50 inasukuma hewa kutoka mbele, sanduku linabanwa ghafla hadi kwenye chumba cha kujaribia chenye sentimita 30 kwa 30, na nyuma yake tumelipanua ghafla ili hewa itoke kwa urahisi. Moshi wa ubani tunaoupitisha ndani unajisokota, na bawa linatikisika. Tubadilishe nini katika umbo lake?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni na sehemu ya nyuma, kwa kuwa ndiyo inayoharibu zaidi. Hewa inapobanwa huongeza kasi na mgandamizo wake hushuka, kwa hiyo husonga mbele bila shida. Inapopanuliwa hupunguza kasi na mgandamizo hupanda, na lile tabaka jembamba linalogusa ukuta, ambalo tayari limepunguzwa kasi na msuguano, hushindwa kusonga dhidi ya mgandamizo huo, hujitenga na ukuta na kuanza kurudi nyuma kwa visulisuli. Msukosuko huo hauishii huko nyuma. Kasi ya hewa katika handaki zima hupanda na kushuka, na bawa lenu hutikisika.

Kwa sababu hiyo, kila ukuta wa kipanuzi, yaani sehemu hiyo ya nyuma inayopanuka, usiiname kwa zaidi ya nyuzi 3 hivi. Kutoka upana wa sentimita 30 hadi 45, hesabu hiyo inadai urefu wa karibu mita moja na nusu, na mkikosa nafasi karakanani ni afadhali mpunguze upanuzi kuliko kuongeza mwinamo. Mwishoni wekeni kipande kifupi cha kugeuza mraba kuwa duara, kisha feni yenu ile ile, safari hii ikivuta hewa. Ni kweli kwamba Wilbur na Orville Wright waliweka feni mbele katika handaki lao la mwaka 1901 na wakapata vipimo vya kutumainiwa, lakini hewa itokayo kwenye feni huzunguka, na kuinyoosha ni kazi ambayo sioni sababu ya ninyi kujitwisha. Gustave Eiffel, yule wa mnara wa Paris, aliweka kipanuzi nyuma ya chumba cha kujaribia katika maabara yake ya Auteuil ya mwaka 1912, akapata pia faida ya kutumia nguvu ndogo zaidi kuendesha feni.

Sasa mbano. Mdomo wa sentimita 80 kwa 80 una eneo linalozidi la chumba chenu mara 7, na kiasi hicho kinafaa sana kwa handaki dogo: hewa inayoingia kwa mita 2 kwa sekunde itafika kwenye bawa ikiwa na mita 14 hivi. Tofauti za kasi kati ya sehemu na sehemu, zikilinganishwa na kasi yenyewe, hupungua kwa kipeo cha pili cha uwiano huo, yaani takribani mara 50, na hapo ndipo mbano unapolipa gharama zake. Kuta zake zianze zikiwa zimenyooka, zijipinde taratibu, kisha zinyooke tena kabla ya kuingia chumbani. Kwa mbano wenye urefu wa sentimita 80, umbali kutoka mstari wa katikati hadi ukutani uwe sentimita 40 mwanzoni, 37.4 baada ya sentimita 20, 27.5 katikati, 17.6 baada ya sentimita 60, na 15 mwishoni. Plaiwudi ya milimita 3 hujipinda bila taabu kwa mkunjo wa namna hii. Bawa likae angalau sentimita 15 ndani ya chumba.

Mbele ya mbano jengeni chumba kilichonyooka chenye sega la kunyoosha hewa, lililopangwa kwa mirija ya kunywea soda. Mirija ya milimita 6 ikatwe vipande vya sentimita 4 hivi. Mtahitaji vipande vinavyokaribia elfu 20, basi gaweni kazi. Baada ya sega wekeni wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, mmoja au miwili, wenye matundu yanayochukua zaidi ya asilimia 58 ya eneo lake, kisha acheni nafasi tupu ya sentimita 40. Kingo za mdomo ziviringwe, na milango ya karakana ifungwe: upepo wa mchana wa Agosti ukiingia humo, hakuna sega litakalowasaidia.

Jambo moja linahusu Mbeya yenyewe. Katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, mita moja ya ujazo ya hewa ina takribani kilo 1, wakati pwani ina karibu kilo 1.2. Kipimo cha Pitot, yaani kifaa kinachopima kasi ya hewa kwa mgandamizo wake, chenye mrija wa maji kikionyesha milimita 10, kasi yenu ni mita 14 kwa sekunde. Mkitumia namba ya pwani iliyoko vitabuni mtapata chini ya 13.

SWALI: Je, handaki la ukubwa huo linaweza kupima rota ya kinu cha upepo yenye kipenyo cha sentimita 25?
Msomaji, Makambako

JIBU: Haliwezi. Rota hiyo ingeziba zaidi ya nusu ya chumba, hewa ingelazimika kupita pembeni kwa kasi isiyo ya kawaida, na vipimo vyote vingepotoka. Kitu kinachopimwa kisizidi asilimia 5 ya eneo, yaani kipenyo cha sentimita 7 na nusu, na rota ndogo kiasi hicho haitabiri vizuri mwenendo wa ile kubwa. Kwa kuwa Makambako mna upepo wa kutosha, ifungeni juu ya mlingoti mahali pa wazi, mbali na miti na nyumba, na kipima kasi cha upepo kiwe kwenye kimo kile kile.